Mlango Ulioitika

Mizani haikuwa na uso wala mikono. Ilikuwa sanduku jeusi, kimo chake kama debe la mafuta ya kula, na ilikaa juu ya meza ya hakimu, pale ambapo zamani ziliwekwa Biblia na Kurani. Ilipoanza kusema, hata mahabusu waliokuwa wakikohoa nyuma walinyamaza.

"Shauri la nyumba namba mia mbili na nne, Mtaa wa Mjimwema," ilisema, kwa sauti ya mtu aliyekula akashiba na kulala vizuri. "Kosa la kwanza, kumfuatilia mtu. Kosa la pili, kuingia nyumba ya mtu. Mshtakiwa aliingia mara ishirini na tatu. Mara zote alipiga hodi. Mara zote mlango uliitika karibu, kwa sauti ya mama mwenye nyumba, Otilia Mlowe, ambaye sasa ni marehemu. Hatia imegawanywa mafungu kumi. Mshtakiwa Gaudens Mtweve, mafungu manne. Marehemu Otilia Mlowe, mafungu sita."

Festo Mlowe alikuwa benchi la mbele, kofia mapajani. Alisikia vizuri kabisa. Hiyo ndiyo shida ya mashine, hazina kigugumizi. Alisimama kabla hajajua kama amesimama.

"Sita? Sita kwa nani? Kwa maiti?"

"Mzee Mlowe, keti," alisema hakimu. Alikuwa mama wa makamo, amevaa sweta zito chini ya joho, maana baridi ya Njombe haiheshimu mahakama. "Marehemu hafungwi. Mafungu yake yanafutwa. Yanabaki manne ya mshtakiwa."

"Yanafutwa vipi wakati yameshatajwa mbele za watu?"

Hakimu aligeukia hukumu yake. Alisoma kutoka kwenye kioo cha kompyuta yake, haraka haraka, kama mtu anayesoma matangazo ya misiba. Kila fungu ni mwaka mmoja wa kukaa bila mlango. Mshtakiwa atang'olewa mlango wa nyumba yake kwa miaka minne, na yeyote atakaye kuingia humo ataingia, mchana au usiku, bila hodi, ili naye aonje. Ila kwa kuwa mafungu yake hayakufika matano, anabaki na kazi yake serikalini. Mwenye pingamizi alilete kesho kabla ya saa nne asubuhi.

Kazi yake serikalini! Gaudens Mtweve alikuwa mkaguzi wa milango. Kazi yake ilikuwa kutembea nyumba kwa nyumba.

"Na waliotengeneza huo mlango," Festo aliuliza, bado amesimama, "wao wamepata mafungu mangapi?"

Watu wawili watatu walicheka nyuma. Mizani ikajibu yenyewe, bila kusubiri hakimu. "Waliotengeneza hawamo kwenye orodha."

"Najua hawamo," alisema Festo. "Hawajawahi kuwamo."

*

Alimkuta Gaudens kwenye ukumbi wa nje, amejiegemeza ukutani, anakula karanga za kukaanga kutoka kwenye karatasi. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, nadhifu, kucha safi, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Huyo ndiye aliyekuwa akiingia nyumba ya watu mchana na kukaa. Hakuiba hata kijiko. Alikuwa anakaa tu, anakunja nguo za mke wa mtu zilizoanuliwa, anazipanga vizuri, halafu anamtazama mwenyewe akitoka bafuni.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema Gaudens.

"Marahaba."

Lilikuwa limeshatoka. Mdomo wa Festo uliitika kabla kichwa hakijaamka. Alitamani auvute ulimi wake na kuukanyaga pale pale sakafuni.

Gaudens alitabasamu. Akatafuna karanga taratibu. "Unaona? Ndiyo hiyo hiyo, mzee. Mtu mwenye adabu akisalimiwa anaitika. Na mama naye alikuwa mtu wa adabu sana. Tusilaumiane."

Festo alikuwa na mikono ya seremala, minene, yenye makovu ya patasi. Kwa dakika nzima aliitazama mikono ile, na askari wa mlangoni naye akawa anaitazama. Kisha akavaa kofia akaenda chumba cha karani.

Karani aliitwa Bi. Skolastika. Alikuwa na jiko dogo la umeme chini ya meza, amenyoosha miguu kulielekea, na ndiye mtu pekee katika jengo lile aliyemwambia Festo akae bila kumwamuru.

"Baba, pingamizi lako lina njia moja tu," alisema. "Mizani imesikiliza ya mlangoni, basi. Nani kapiga hodi, mlango umejibu nini. Ya ndani haijasikiliza."

"Ya ndani yapi?"

"Mlango unasikia mpaka jikoni, baba. Hukujua? Kila neno limo. Ila ya ndani yamefungwa, hayafunguliwi bila dole gumba la mwenye nyumba aliye hai. Yaani lako." Alimtazama. "Kama humo ndani mama alisema hamtaki yule mtu, hata mara moja, mafungu yatahama. Hayatabaki kwake."

"Yatahamia kwa Mtweve."

"Kwa Mtweve, na kwa mwingine yeyote aliyechangia ule mlango uitike." Bi. Skolastika alivuta miguu akaiweka sawa. "Na akipata fungu mtu aliye hai, naye mlango wake unang'olewa. Unapelekwa ghala la Idara ya milango, unafutwa kumbukumbu zote, unapewa nyumba nyingine. Nakwambia mapema usije ukasema hukuambiwa."

Festo alikuwa akiizungusha kofia mikononi. Aliizungusha mizunguko mitatu, minne.

"Baba, kuna kitu humo ndani?"

"Nyumba gani haina kitu?" alisema, akaondoka.

*

Festo aliishia darasa la nne, lakini milango alikuwa anaijua kama mchungaji anavyojua ng'ombe wake. Miaka thelathini alitengeneza milango ya mninga na ya msindano, na nusu ya mtaa ule walikuwa wakifungua na kufunga jasho lake. Halafu wakubwa wakakaa huko walikokaa, wakaona mlango wa mbao ni hatari. Wakatunga sheria. Wakaja vijana na magari, wakang'oa milango yote ya mtaa kwa wiki mbili, wakaichoma uwanjani, wakaweka hii ya kijivu inayoitwa Bawabu. Siku ile Festo alisimama mbali akinusa moshi wa mninga. Alijua kwa harufu mlango upi unaungua.

Watu waliipenda Bawabu, tusidanganyane. Ilijifunza sauti ya mama mwenye nyumba ndani ya siku tatu. Wewe uko shambani unapalilia viazi, mgeni anafika, anapiga hodi, mlango unamwitikia kwa sauti ya mkeo, unafunguka, unamwambia akae, chai iko kwenye chupa. Mkubwa mmoja alisimama jukwaani akasema kwamba katika nchi hii hakuna hodi itakayokosa jibu tena. Wakampigia makofi, na Festo naye akapiga, maana kama kuna jambo moja yeye na wakubwa walikubaliana, lilikuwa hilo.

Sasa alisimama mbele ya kitu kile cha kijivu, kofia mkononi. Mlango ulikuwa unajua hatua zake, ungefunguka wenyewe. Lakini tangu mazishi, miezi mitano sasa, alikuwa na tabia ya kusimama nje kama mgeni.

"Hodi," alisema.

"Karibu," alisema Otilia. "Kamwene. Pita ndani, chai ipo."

Sauti yake yenyewe, na ile kamwene, salamu ya kwao, na kile kikohozi kidogo kabla ya neno chai, kikohozi cha moshi wa kuni za miwati. Hakuwa na picha yake ya maana. Zile za simu zilipotea na simu. Sauti hii ndiyo iliyobaki duniani. Kuna siku alitoka na kuingia mara nane, majirani wakadhani amesahau kitu.

"Baba Mlowe."

Aligeuka. Alikuwa Mwalimu Lusia, msichana aliyepanga nyumba ya jirani, bado ana vumbi la chaki kwenye sketi. Alikuwa ameshika kikapu lakini hakuwa anakwenda sokoni. Kukishika kulikuwa kisingizio tu.

"Nimesikia ya mahakamani," alisema. "Pole, baba."

"Nimeshapoa."

"Ni kweli anabaki kazini?"

"Ndivyo walivyosema wenye nchi."

Lusia alitoa simu akamwonyesha. Festo akaisogeza mbali na macho, akasoma polepole. Idara ilikuwa inamjulisha mpangaji wa nyumba namba mia mbili na sita kwamba mlango wake utakaguliwa Jumatatu. Mkaguzi, G. Mtweve.

"Anza kuuambia mlango wako unyamaze," alisema Festo. Alilisema haraka, halafu akageuza macho.

"Nimejaribu. Unataka dole la mwenye nyumba. Mwenye nyumba yuko Makambako. Nimempigia, ananicheka. Anasema nyumba yake haiwezi kuzibwa mdomo kama nyumba ya wachawi, watu watasemaje." Lusia alicheka naye, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Wazee wetu na hodi zenu!"

Festo hakucheka.

"Aliwahi kuja kwangu mwezi wa pili," Lusia aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Alikaa. Aliniuliza chumba cha kulala kinatazama upande gani. Mama ndiye aliyekuja akapiga hodi, akajifanya anaazima chumvi. Akakaa mpaka yule mtu akaondoka. Hakuniambia neno, akaondoka na ile chumvi kweli. Ndiyo nikajua kwamba anamjua."

Festo hakuwahi kuisikia habari hiyo. Alikumbuka makopo ya chumvi, mawili mezani, na yeye akigomba kwamba mwanamke huyu ananunua vitu bila mpango.

*

Jikoni lilikuwepo bado lile dirisha. Alikuwa amelipigilia mbao kwa misumari ya inchi nne, sheria au si sheria. Otilia alipitia hapo kukimbia, siku ya Alhamisi, saa saba mchana, mwanamke wa miaka hamsini na minane. Alisikia mlango ukimkaribisha yule mtu kwa sauti yake yeye mwenyewe, akaliparamia dirisha. Akaanguka juu ya mawe, nyonga ikavunjika, akalala kwenye tope na mvua hadi saa kumi na moja, wakati ndani mlango unamwambia mgeni chai ipo. Hospitali alikaa siku kumi na tisa. Kifua ndicho kilichomwondoa. Mizani iliandika kwamba alitoka nyumbani kwa hiari yake.

Festo alikaa kwenye kiti chake. Akazungumza na ukuta, maana Bawabu husikia popote.

"Bawabu. Yale ya mwezi wa tatu bado unayo?"

"Ninayo, baba," ulisema mlango. Hapo haukutumia sauti ya Otilia. Ulitumia sauti yake wenyewe, ya kijana asiye na kabila.

"Yote?"

"Yote, baba. Uyasikie?"

"Nyamaza!"

Ukanyamaza mara moja. Ndiyo hivyo. Ulikuwa unajua kunyamaza vizuri sana, ukiambiwa.

Alikaa pale hadi chai ikapoa kikombeni. Mafungu yalikuwa kumi, na watu wa kugawiwa yeye aliwajua wengi: wa jukwaani, wa magari, wa kuchoma milango, yule wa Idara aliyempa Mtweve kitambulisho. Wote hao walikuwa na hatia kuliko yeye. Angeweza kuwataja usiku kucha. Tatizo, hakuna hata mmoja aliyekuwa jikoni siku ile. Jikoni walikuwa wawili tu, na mmoja sasa alikuwa na mafungu sita juu ya kaburi lake.

Akifungua, sauti inakwenda. Asipofungua, Jumatatu inakuja, na Mtweve mlangoni kwa Lusia.

*

Saa tatu na nusu asubuhi aliweka dole gumba kwenye kioo cha Bi. Skolastika. Kidole kilikuwa na ufa wa zamani wa msumeno, kioo kikakikataa mara mbili. Mara ya tatu kikakubali.

"Una hakika, baba?"

"Nisingekuwa na hakika nisingekiweka mara tatu."

Mahakamani Gaudens alikuwa na shati jingine, jeupe. Alimwangalia Festo kwa udadisi, kama fundi anavyoangalia chombo alichodhani anakijua.

Mizani ilisikiliza kwanza peke yake, muda wa kuhesabu hadi ishirini. Kisha hakimu akaamuru yasikike hadharani, kama sheria ilivyotaka. Chumba kikajaa jiko la Festo Mlowe. Sufuria ilisikika. Moto wa miwati ulisikika ukipasuka.

"Bawabu," ilisema sauti ya Otilia, "yule wa Idara akija, usiitike. Nyamaza tu."

"Kunyamaza kunahitaji dole gumba, mama."

"Haya, hili hapa."

Mizani ikasoma siku zilizofuata. Mwezi wa tatu tarehe mbili, Gaudens Mtweve alipiga hodi mara tatu, mlango ukanyamaza, akaondoka. Tarehe tano, hodi tatu, mlango ukanyamaza, akaondoka. Tarehe saba vivyo hivyo. Tarehe kumi vivyo hivyo.

"Kwa hiyo alijua," alisema hakimu, akiangalia upande wa Gaudens. "Alijua kwamba hatakiwi."

Gaudens alisugua ukucha wa kidole kimoja kwa kingine.

Halafu ikaja tarehe kumi na moja. Festo aliinamisha kichwa. Aliisikia sauti yake ikiingia mahakamani, imelewa kidogo, sauti ya mtu aliyetoka kunywa ulanzi na shemeji zake.

"Nani kauziba mdomo mlango wangu? Ha? Mtu wa serikali anapiga hodi, mlango kimya kama kaburi! Leo Mtweve amenicheka mbele ya watu kiwanda cha mbao. Ananiambia, Mzee Mlowe, siku hizi nyumba yako haiitiki hodi, mmeficha nini humo? Watu wakaangua kicheko!"

"Baba, ni yeye ndiye niliyemfungia. Yule mtu ananifuata."

"Nani akufuate wewe?"

"Mwezi uliopita nilimkuta amekaa kwenye kiti chako. Ananikunjia nguo. Baba, ananikunjia nguo za ndani."

Kikasikika kicheko. Kilikuwa cha Festo. Kirefu, cha tumboni, na nyuma yake, kutoka sebuleni, kicheko cha shemeji zake wawili. "Bibi wa miaka hamsini na minane! Jamani, msikieni Otilia anavyojiona! Mtu wa serikali aache vibinti vyote mjini aje kukufuata wewe na mgongo wako!"

"Festo." Aliliita jina lake, jambo ambalo hakuwa akilifanya mbele za watu. "Nakuomba."

"Nyumba ya baba yangu haikuwahi kuikataa hodi. Hata mwaka wa njaa haikuikataa. Bawabu! Hili dole la nani?"

"La Festo Mlowe, baba."

"Kuanzia leo uitikie kila hodi. Kila hodi!"

"Niitike kwa sauti ipi, baba?"

"Ya nani tena? Ya mke wangu."

Baada ya hapo hakuna aliyebisha. Kilisikika kiti kikivutwa, na mfuniko ukiwekwa juu ya sufuria polepole, na mtu, huenda shemeji, akisema ulanzi wa leo ni mtamu.

"Tarehe kumi na mbili mshtakiwa alirudi," ilisema Mizani. "Mlango uliitika."

Festo alisimama. Safari hii hakimu hakumwambia akae.

"Ile karibu ni yangu," alisema. "Sauti yake, lakini ni yangu. Andikeni hivyo." Alitaka kusema mengine, juu ya wakubwa na sheria zao, na milango iliyoungua. Yalimjia hadi kwenye meno. Yakarudi.

Mizani ikagawa upya. "Gaudens Mtweve, kwa kujua na kwa hila ya kumchochea mume, mafungu saba. Anaondolewa kazini. Festo Mlowe, mafungu matatu. Marehemu Otilia Mlowe hana fungu."

"Rudia hilo la mwisho."

"Marehemu Otilia Mlowe hana fungu."

"Na waliotengeneza?"

"Waliotengeneza hawamo kwenye orodha."

Festo akatikisa kichwa, akavaa kofia yake ndani ya mahakama, na hakuna askari aliyemwambia aivue. Alipopita karibu na Gaudens, yule mtu alimwinamia, uso umempauka, tabasamu limebaki upande mmoja.

"Umejing'oa mlango kwa mkono wako mwenyewe, mzee. Shikamoo."

Festo alimtazama machoni. Mdomo wake ulitaka kuitika, aliusikia ukitaka. Akaufumba. Akapita.

*

Walikuja Ijumaa, vijana wawili wenye ovaroli za Idara na gari lenye milango mingine kumi nyuma. Ukungu ulikuwa haujainuka. Mmoja alianza kulegeza bawaba kabla hajasalimia.

"Ngoja kidogo," alisema Festo. "Nipige hodi moja."

"Mzee, tuna nyumba kumi na moja leo."

"Moja tu, mwanangu."

Wakatazamana. Yule mkubwa akashusha bisibisi. Festo akatoka nje, akafuta viatu, akavua kofia. Alikuwa ameandaa maneno tangu alfajiri. Alikuwa na la msamaha na la chumvi.

"Hodi," alisema.

"Karibu. Kamwene. Pita ndani, chai ipo."

Na yale maneno yote aliyoyaandaa akaona ni ya bure, maana atayaambia bati. Mlango ungemkaribisha yeye kama ulivyomkaribisha yule. Haukuwa ukijua tofauti. Otilia ndiye aliyekuwa akijua, na walimcheka.

"Ng'oeni," alisema.

Walipokata waya wa mwisho, ile taa ndogo ya kijani ikazimika, na kile kikohozi nacho kikaenda.

Bila mlango nyumba ilikuwa kama mtu aliyefumaniwa hana nguo. Siku ya kwanza waliingia kuku wa jirani. Siku ya pili aliingia mlevi asiyemjua, akala viazi vilivyokuwa sufuriani, akamuuliza Festo kama kuna chumvi. Wakaingia wawili waliotaka tu kumwona mzee aliyemcheka mkewe. Walisimama sebuleni, wakatazama dirisha la jikoni, wakanong'ona, wakaondoka. Kila kivuli kilichopita kilimshtua Festo kutoka kwenye kiti. Kuoga alioga na nguo. Siku ya tatu alihamishia godoro nyuma ya jiko, akakumbuka kwamba Otilia naye aliwahi kulihamishia hapo, na kwamba alimuuliza kama amerukwa na akili.

Jumatatu mchana alisikia hatua nje. Alikuwa amekaa sakafuni nyuma ya jiko, mgongo ukutani. Hatua zikasimama pale palipokuwa na mlango. Hazikuingia.

"Hodi," ilisema sauti ya Mwalimu Lusia.

Sheria ilimruhusu kuingia. Kulikuwa na uwazi tu mbele yake, angeweza kunyoosha mguu. Lakini alisimama pale nje kwenye ubaridi, na harufu ya makande ya moto ikaingia badala yake.

"Hodi, baba."

Festo alifungua mdomo. Miaka sitini na mitatu hakuwahi kuacha kuitika. Lakini leo hakutaka kuonwa. Alikuwa na machozi na makamasi usoni, amechoka kutazamwa. Hakuwa na ubaya na binti huyu. Hakutaka mtu, basi. Akafumba mdomo, akasubiri mbingu ianguke.

"Hodi," alisema Lusia mara ya tatu, taratibu.

Kimya. Kisha likasikika bakuli likiwekwa chini, kwa uangalifu, juu ya kizingiti. Hatua zikageuka, zikapita uani, zikafifia kwenye changarawe. Hakuna aliyecheka, na ukuta wa nyumba ya baba yake ulikuwa umesimama pale pale.

Festo alibaki sakafuni akiutazama ule uwazi. Hodi tatu. Nyumba imenyamaza, na mtu ameondoka.

Kumbe ilikuwa rahisi hivyo.